Sitini na Mbili, Mshale Juu

Kama umeshika karatasi ya vipimo vya damu na huielewi, keti kwanza. Mimi yangu ilipofika niliimbiwa, nikamwagiwa poda kichwani, nikapigwa picha ninacheka, na siku ile ile nilikuwa mgonjwa kuliko siku zote za maisha yangu. Ninakuandikia ili usifanye kama sisi. Na kama umeshafanya, basi cheka, maana sisi tumecheka sana na bado tupo.

Ninaitwa Riziki. Ninafundisha kalasi ya sita kwenye shule moja ya msingi hapa Uvira, upande wa Mulongwe, na watoto wananiita Madamu. Nina bwana, watoto wanne, na mdomo. Bwana wangu, Baba Amani, ni fundi wa mota za mitumbwi, na miaka yote amekuwa akisema mdomo wangu ukifungwa nyuma ya mtumbwi tutafika Kalemie bila petroli. Basi mdomo huo ndio ulioanza kuzimika.

Ilianza na mvua za mwezi wa tatu. Nilianza kusikia baridi. Wewe unayeijua Uvira unajua hilo si jambo la kawaida: mlima uko nyuma, ziwa liko mbele, na sisi katikati tunaiva. Saa sita ya mchana walimu wenzangu wanajipepea na madaftari, mimi nimevaa triko, sweta nzito ya sufu niliyoinunua zamani kwa safari ya Bukavu. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nyusi zikaisha upande wa nje. Viatu vya Jumapili vikakataa miguu. Uso ukavimba, ngozi ikakauka hata mafuta ya mawese hayakuisaidia, na choo, tuseme tu kwamba choo kilinisahau. Sauti nayo ikashuka. Mzazi mmoja alinipigia simu, nikaitika, akasema samahani baba, naomba kuongea na Madamu. Nilimjibu kwamba Madamu ametoka.

Majirani walikuwa na majibu tayari. Nusu walisema ni mimba, wakaanza kunichagulia jina la mtoto. Nusu nyingine walisema ni karuho, ile sumu ya kuwekewa kwenye chakula, ambayo huku kwetu ukikohoa mara mbili tu watu wanaanza kutafuta nani alikupakulia. Baba Amani hakusema mimba wala karuho. Yeye alikasirika. Alikuwa anarudi kutoka kazini saa kumi ananikuta nimelala, bugali haujapikwa, watoto wameshinda na miwa, ananiuliza kama nimeamua kuwa mgeni nyumbani kwangu. Tuligombana miezi ile kuliko miaka yote ya nyuma, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba katikati ya ugomvi nilikuwa ninasinzia.

Hayo yote ningeyabeba. Kilichonitisha ni kichwa. Siku moja niliandika hesabu ya kugawanya ubaoni, nikageuka kuwatazama watoto, na sikujua tena nilichotaka kusema. Walisubiri. Nilimwangalia msichana wa benchi ya mbele, niliyemfundisha toka shule ilipofunguliwa, nikatafuta jina lake nisilipate. Nikamwita "weye pale". Wiki iliyofuata niliandika hesabu ile ile, na mtoto mmoja akaniambia kwa upole kwamba tumeshaifanya mara mbili. Direkta wetu, mkuu wa shule, mtu mwema kabisa, alinivuta pembeni akasema pengine mwaka unaokuja ningepumzika na kalasi ya kwanza, kule ni nyimbo tu. Nilienda chooni nikalia.

Nililia kwa sababu nilijua njia ile inaishia wapi. Inaishia Makobola, kwenye kibaraza cha mama yangu.

Mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kando ya barabara ya Fizi toka tukiwa wadogo, na alitusomesha sote kwa beseni lile. Lakini sasa ilikuwa mwaka wa nne anakaa tu kwenye kiti, amevaa triko juani, amejifunika kikwembe juu yake, haongei. Ukimsalimia anakuangalia muda mrefu, halafu anajibu neno moja kwa sauti nzito, au hajibu. Hajafika hata miaka sabini. Mdogo wangu Zawadi, anayekaa naye, alikuwa anamwosha na kumlisha. Sote tulikuwa tumekubaliana kwamba ni uzee, umemwanza mapema, akili imeondoka na hairudi. Hakuna aliyempeleka popote, maana uzee unaupeleka wapi? Na mimi sasa nilikuwa ninajiangalia kwenye kioo, triko, uso, ukimya, ninajihesabia miaka. Yeye alianza karibu na sitini. Mimi nilikuwa na arobaini na tatu. Nilitaka kujua jambo moja tu duniani: je, ninakwenda kule aliko mama?

Baba Amani ndiye aliyenipeleka kwa dokta, baada ya kunikuta nimesimama katikati ya ua na sufuria mkononi, sikumbuki nilikuwa ninaipeleka wapi. Hasira zilimwisha siku ile. Tulienda kwenye kituo cha afya, tukakuta benchi imejaa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja kutoka Lubarika, aliyeleta kikapu cha karanga na kumgawia kila mgonjwa kiganja kimoja, kana kwamba tumekuja kwake kutembea. Nilipoamka, kichwa changu kilikuwa begani kwake. Baba Amani aliniambia walikuwa wamemwita mama yule muda mrefu, akakataa kusimama, akawaambia wachukue mwingine kwanza, huyu dada anahitaji usingizi. Sikujua jina lake na sijamwona tena, lakini ninamwombea kila Jumapili.

Dokta alikuwa msichana wa Kamanyola, mdogo kuliko mdogo wangu. Alinishika shingo kwa vidole, akaniambia nimeze maji, akanipiga goti na kinyundo, akatazama mguu unavyorudi taratibu. Akauliza kama kwetu kuna mtu mwenye ugonjwa wa shingo. Nikasema hapana. Nilijibu haraka, kama mwanafunzi asiyemaliza kusoma swali. Nilikuwa ninafikiria shingo zenye uvimbe, na shingo ya mama ni laini kabisa. Wakanitoa damu. Mashini ya kipimo kile haikuwepo pale, kwa hiyo chupa yangu iliwekwa kwenye sanduku la barafu ikavuka mpaka kwenda Bujumbura, na mimi nikarudi nyumbani kulala.

Sasa sikiliza tulivyofanya.

Ilikuwa kiangazi, vakansi, likizo ya shule, imeanza, na juma lile lile yalitoka matokeo ya mtihani wa taifa wa vijana wa sekondari. Kwetu unajua inavyokuwa. Mtoto anafungua simu, anaona asilimia zake, mama yake anapiga vigelegele, na mtaa mzima unamrukia na poda nyeupe, kichwani, usoni, shingoni, mpaka anafanana na mtu aliyetoka kwenye gunia la unga. Avenu yetu yote ilikuwa nyeupe toka asubuhi. Mtoto wa jirani alipata hamsini na saba, tukamwimbia.

Karatasi yangu ilichukuliwa na Deo, binamu wa bwana wangu anayeishi Bujumbura. Akaipiga picha, akaituma kwenye simu ya Baba Amani, bila neno. Baba Amani akaja anakimbia kutoka karakana, mikono ina grisi, simu ameinua juu.

"Mama Amani, umepata sitini na mbili."

Nikamuuliza, juu ya ngapi?

"Juu ya nne. Banasema ya kawaida inatoka sifuri nukta nne mpaka nne. Weye uko na sitini na mbili. Na mushale iko naangalia juu."

Mimi ni mwalimu. Maisha yangu yote nimetoa namba na nimepokea namba, na sijawahi kuona mtu anayelia kwa sababu namba imepanda. Niliangalia ile picha mwenyewe. Kweli, sitini na mbili, na pembeni mshale mweusi mnene unaelekea juu. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wenye mshale unaoelekea chini, lakini Baba Amani akasema hilo ni somo moja tu limenishinda, si neno, hata Deo alikuwa anaangukaga hesabu. Nikamwambia, basi sina kitu. Akasema, huna kitu, uko muzima kuliko sisi bote. Akatoka kuwaambia majirani.

Poda walikuwa nayo tayari mikononi. Walinimwagia nikiwa nimekaa kwenye mkeka, kopo zima, wakanizunguka wanaimba Madamu amepita, Madamu amepita. Baba Amani akanipiga picha. Ninacheka ndani ya picha ile, uso umevimba, nywele nyeupe, nyusi hazionekani, triko imejaa poda.

Kesho yake nilikwenda kwa dokta kumshukuru. Nilikuwa bado na poda masikioni. Aliniangalia, akaangalia picha ya karatasi, akauliza kama kuna mtoto amefaulu nyumbani. Nikamwambia aliyefaulu ni mimi. Nikamweleza. Dokta yule alijaribu, ninamshuhudia, alijaribu sana, akauma mdomo, akageukia dirishani, halafu ikamshinda, akacheka mpaka akafuta macho na koti jeupe.

"Madamu," akasema, "kwa kipimo hiki, ukipita nne umeanguka."

Akanieleza kwa maneno yangu mwenyewe, na nitakupa wewe hayo hayo, mengine waachie wenye kusomea. Kichwa ni direkta. Tezi iliyo hapa shingoni ni mwalimu. Mwalimu akifanya kazi, direkta anasema polepole. Mwalimu akisinzia, direkta anapaza sauti. Namba ile ya kwanza si maksi zangu, ni kelele za direkta. Amepiga kelele mpaka sitini na mbili, na mwalimu haitiki. Na ule mstari wa pili wenye mshale chini, tulioudharau, ndiyo kazi ya mwalimu: karibu hakuna. Kwa hiyo mwili wote umepoa, ngozi, tumbo, sauti, na kumbukumbu pia.

Niliruka mengine yote nikashika hilo la mwisho. Nikamuuliza kama kumbukumbu itarudi. Akasema itarudi, si kesho, lakini itarudi, kuna kidonge kidogo cha kila asubuhi kinachofanya kazi ya mwalimu. Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Nilimshika mikono yote miwili nikalia, na poda ikaingia machoni, ikabidi nesi alete maji. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa ninajiambia, siendi kule aliko mama, siendi kule aliko mama. Furaha yote ile ilikuwa yangu peke yangu, na leo bado inaniumiza kidogo kwamba sikuwaza mbele zaidi ya hapo.

Kidonge chenyewe ni kidogo sana. Mwanzoni tulikiharibu. Dokta alisema tumbo tupu na maji matupu, usubiri kabla ya kula chochote, lakini Baba Amani alikuwa na mawazo yake: dawa ya nguvu haiingii kwenye tumbo tupu, itakutoboa. Akawa ananiamsha na uji wa soya na maziwa, ninanywa na kidonge ndani yake, kwa upendo mtupu. Baada ya wiki sita, kipimo kilirudi hamsini na nane. Dokta aliuliza maswali matatu tu akajua. Alimwita Baba Amani ndani, mtu mzima, fundi, akamkemea kama mtoto wa kalasi ya pili, na toka siku hiyo bwana wangu analinda kidonge kile kuliko mimi. Nikisogelea chai kabla ya wakati ananipiga mkono.

Mvua za mwezi wa tisa zilianza, shule ikafunguliwa, na direkta, nimeshamwonyesha karatasi, akaniachia kalasi ya sita kwa majaribio. Mwezi wa kumi niliamka siku moja nikasikia joto. Nilikaa kitandani natoka jasho, ninafurahi kama bibi arusi. Nikavua triko nikampa Baba Amani afungie mota. Kipimo kilichofuata kilikuwa kumi na tisa, na nyumbani tukajifunza kushangilia namba inayoshuka, jambo ambalo watoto wangu walilipenda mno, wakajaribu kulileta na bulletini zao za maksi za shule. Miguu ikarudi kwenye viatu. Choo kikanikumbuka. Kisha majina ya watoto yakaanza kurudi, moja moja, hata yale ya walioshamaliza.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Makobola kumwona mama, baada ya kukosa miezi mingi. Alikuwa kwenye kiti chake kibarazani. Nilimsalimia, hakujibu. Nikaketi na Zawadi tukitoa mawe kwenye maharagwe, nikawa ninamsimulia habari ya poda, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Ili acheke zaidi nikamtolea simu nimwonyeshe ile picha. Aliichukua, akaiangalia, na kicheko kikakatika.

"Mama alimwagiwa poda siku gani?" akauliza. "Juu ya nini hamukuniita?"

Nikamwambia angalia vizuri, huyo si mama, huyo ni mimi. Akaileta karibu na macho. Akasema hapana. Nikachukua simu mimi mwenyewe, nikaangalia picha, nikainua macho nikamwangalia mama. Nywele nyeupe. Uso umevimba chini ya macho. Nyusi zimeisha upande wa nje. Triko, saa saba mchana, jua linawaka. Maharagwe yote yalimwagika. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti, nikamshika mama mkono, na mkono ulikuwa baridi na mkavu kabisa, mkono wangu mimi wa mwezi wa tano.

Zawadi hakutaka. Lazima niseme hivyo, na lazima niseme alikuwa na haki yake. Yeye ndiye aliyembeba miaka minne, mimi nilikuwa ninakuja na mkate na sabuni halafu ninarudi. Aliniambia kidonge kimoja kimenifanya dokta. Aliniambia mama amezoea kiti chake, barabara ni mbaya, sindano zitamsumbua bure, na ikiwa hakuna kitu atarudi amechoka zaidi. Halafu akasema lile lililokuwa chini ya yote: kama ni ugonjwa, na una dawa, basi miaka yote hii mimi nimekuwa ninafanya nini hapa? Nilimwambia hata mimi mwenye ugonjwa niliulizwa na dokta nikasema kwetu hakuna. Tulilia pamoja, na kesho yake tukamweka mama katikati yetu kwenye taksi, mito miwili mgongoni, tukaenda Uvira.

Damu ikatolewa, ikavuka tena na sanduku la barafu. Zawadi akarudi na mama Makobola, tukasubiri siku kumi. Mimi nimesubiri matokeo mengi, ya mitihani, ya wajukuu wa majirani, ya uchaguzi, lakini sijawahi kusubiri namna ile, maana nilikuwa ninaomba Mungu alete mabaya. Damu ikiwa nzuri, basi mama ameondoka kweli. Ikiwa mbaya, labda yuko ndani bado. Nilipofika kwa Zawadi nikakuta amewaambia wamama wa kanisa wafunge na kuomba ili mama apate matokeo mazuri. Nilimrudisha mbio akawaambie waombe kinyume. Mama mchungaji alituuliza mara mbili kama tumeelewa tunachoomba.

Siku ya kumi mimi na Baba Amani tulikuwa Makobola, Deo akapiga simu badala ya kutuma picha. Aliongea kwa sauti ya msiba. Alisema samahani sana ndugu zangu, sijui niwaambie namna gani, hapa banaandika "zaidi ya mia", mashini yenyewe ilishindwa kuendelea kuhesabu. Baba Amani alirusha kofia juu. Mimi nilipiga vigelegele mpaka simu ikaanguka. Zawadi akapiga magoti kwenye matope. Deo, kule upande wa pili, alibaki anaita halo, halo, akiamini tumerukwa na akili sote.

Dokta hakushangilia na sisi. Alisema kwa mzee tunaanza na robo ya kidonge, moyo wake umelala, hauamshwi kwa kelele. Alisema miaka minne ni mingi, yatarudi mengine na mengine pengine hayatarudi, tusidai yote. Zawadi akawa anakata kidonge kwa wembe kila jioni, anakiweka kwenye kifuniko cha chupa tayari kwa asubuhi. Krismasi ikapita, hakuna kitu. Mwezi wa pili ukapita, tukapandisha kuwa nusu, hakuna kitu, isipokuwa miguu ilianza kupungua. Nilianza kuogopa kwamba nimemdanganya mdogo wangu.

Halafu Jumapili moja, mwezi wa nne, mvua inanyesha, tumekaa wote Makobola tunakula bugali na sombe, majani ya muhogo. Mama alitia tonge mdomoni, akatafuna, akakunja uso.

"Chumvi," akasema. "Zawadi, chumvi haiko."

Zawadi alisimama akaleta chumvi, akamwaga nusu chini. Mama akaangalia iliyomwagika, akasema hiyo nayo ni kuharibu. Watoto wangu hawakuelewa kwa nini watu wazima watatu wanalia juu ya sombe. Tulikula sombe ile mpaka sufuria ikalia, na haikuwa na chumvi kweli.

Toka hapo alirudi kidogo kidogo. Alivua triko mwenyewe. Aliuliza kuku wake walikwenda wapi. Alidai kuona wajukuu mmoja mmoja, akasema wawili wamefanana na upande wa baba yao, pole yao. Kuna mambo ya miaka ile hayajui, na kuna wimbo mmoja aliokuwa anatuimbia ambao amepoteza ubeti wa pili. Kiangazi kilipoanza alidai beseni lake.

Basi, kabla sijakwambia la mwisho, wewe mwenye karatasi mkononi. Ipeleke kwa anayejua kuisoma, si kwa anayekupenda. Wanaokupenda watasoma wanachokitaka. Meza kidonge na maji, peke yake. Usikiache siku ukijisikia vizuri, mimi nilikiacha wiki moja nikamwita Baba Amani kwa jina la kaka yangu. Na ukirudi nyumbani, zunguka uangalie nani mwingine amevaa triko juani. Muulize dokta juu yake pia, hata kama wote mmeshakubaliana kwamba ni uzee.

Mwezi uliopita nilikwenda kukaa na mama kando ya barabara, mimi na yeye tu, beseni la ndagala kati yetu. Tulikuwa tunaongea habari za bei na za mvua. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Nilikuwa nabasikia."

Nikamuuliza, nani mama?

"Ninyi bote. Siku ile ulikuja na sura yako ya kuvimba, ukaketi na Zawadi pale mulangoni. Ukasema, afazali Mungu anichukue kuliko niwe sawa mama."

Niliikumbuka siku ile. Ilikuwa mwezi wa tano, kabla ya dokta, na ni kweli nilisema, maneno hayo hayo. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka kwangu, na nilisema kwa sauti ya kawaida, maana niliamini hakuna mtu pale. Nilisikia aibu mpaka masikio yakaungua. Nikaanza kumwomba msamaha, maneno yakawa yanagongana mdomoni, mimi mwenye mdomo. Mama akanigusa goti ili ninyamaze.

"Hapana, sikukasirika. Na miye nilikuwa naomba Mungu ile ile. Ulipomaliza kusema, nilisema Amina. Tu, sauti haikutoka."

Nilimkumbatia pale pale barabarani, pikipiki zinapita, naye akaniacha nimkumbatie mpaka nimalize, akinipigapiga mgongo. Halafu akanipa kitambaa akasema nifukuze nzi, maana wateja wanakuja.